Wati 3,000 Zilizotaka Kutuchomea Gari

Harufu ya mpira unaoungua haifichiki. Desemba iliyopita tulikuwa tumepita Kinungi, tukiteremka kuelekea Naivasha kwenda kwa wazee, kifungua mimba wetu aliponiuliza kutoka kiti cha nyuma, "Baba, nani anachoma tairi?" Mama watoto alitazama nje ya dirisha. Mimi nilitazama chini ya usukani, nikaona moshi mwembamba ukifuka penye miguu yangu.

Niliegesha gari kando ya barabara, nikazima injini na kuwaamuru wote washuke. Moshi haukukoma. Nilipofungua boneti, nilikuta waya mwekundu uliotoka kwenye betri umeyeyuka ngozi yake pale unapopenya bati linalotenganisha injini na abiria. Kwa bahati kichwa cha betri kilikuwa kimelegea, kwani kwa majuma mawili nilikuwa nikiahirisha kukikaza. Nilikivuta kwa mkono, kikatoka. Uvivu wangu ndio uliotuokoa siku hiyo.

Waya huo, mpenzi msomaji, ulikuwa wa muziki.

Nilikulia Buruburu, na kabla ya sheria za waziri John Michuki kuanza kutekelezwa Februari 2004, matatu za nambari 58 ungezisikia kifuani kabla hujaziona kwa macho. Nikiwa mtoto wa shule ya msingi niliapa kwamba nikipata gari langu, litanguruma vivyo hivyo. Basi Novemba akiba yetu ilipofika shilingi 26,000, pesa ambazo mama watoto alijua ni za tangi la maji (na ndivyo tulivyokuwa tumekubaliana), nilijikuta barabara ya Luthuli.

Dukani kulikuwa na ukuta mzima wa amplifaya. Muuzaji, kijana mcheshi, alinishika bega. "Kaka, hii ni wati elfu tatu. Majirani watahama!" Aliiwasha, kaunta ikatetemeka. Sikuuliza umeme ule ulitoka wapi. Ulitoka ukutani kupitia mtambo wa kubadilisha umeme, si kwenye betri ya gari dogo kama langu. Nilinunua amplifaya hiyo, sabuwufa mbili za inchi 12 na fungu la nyaya la bei ya chini kabisa. Saa moja baadaye kila kitu kilikuwa kimefungwa.

Tangu siku ya kwanza muziki ulikuwa ukikatika baada ya dakika kumi na tano, na amplifaya ikawa moto kama kikaango cha chapati. Nililaumu jua.

Tuliporudi Nairobi nilimpelekea gari mzee mmoja fundi wa umeme wa magari mtaani Umoja. Mama watoto alisisitiza kuja. Nilitarajia mzee asome maandishi ya dhahabu kwenye sanduku. Hakuyatazama hata kidogo. Aliigeuza amplifaya ubavuni, akasoma fyuzi yake: 30.

"Mwanangu, injini ikinguruma umeme wa gari hufika volti 14 hivi. Zidisha kwa 30."

"Mia nne na ishirini," mama watoto akajibu kabla yangu.

"Basi hizo ndizo wati zinazoweza kuingia kwa kawaida. Nayo itatoaje 3,000?"

Na hata hizo 420 hazitoki zote. Amplifaya yangu ilikuwa ya klasi AB, ambayo hupoteza karibu nusu ya umeme kwa joto. Za klasi D hupoteza kidogo, yapata sehemu moja kwa tano, ndiyo maana wengi huzitumia kwa besi. Mzee alinionyesha ndani ya kijitabu, kwa herufi ndogo ajabu, nambari iliyofuatwa na RMS: wati 200. Hiyo ndiyo nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo. Ile 3,000 ni ya kuuzia.

Kisha akapima spika. Kila moja ilikuwa na ukinzani wa omu 4, nazo zilikuwa zimeunganishwa sambamba, hivyo amplifaya ilikuwa ikiona omu 2 tu. Kijitabu kilisema isishuke chini ya 4. Kumbe kule kuzimika kulikuwa ni kujiokoa kwake, wala jua halikuwa na hatia.

Waya aliukwangua kwa kisu. Chini ya rangi ya shaba, ndani ulikuwa mweupe: alumini. Na karibu na betri hapakuwa na fyuzi yoyote. Hapo mzee alikasirika. Fyuzi ya kwenye amplifaya, alisema, inalinda amplifaya iliyo kwenye buti. Waya ukichubuka huko mbele na kugusa bati, umeme wote wa betri unamwagika hapo bila kuifikia fyuzi hiyo. Lazima nyingine ikae sentimita 45 au chini ya hapo kutoka betri, na tundu la bati livalishwe mpira.

Mama watoto alikuwa kimya kwa muda mrefu. Mwishowe aliuliza swali ambalo mimi sikuwahi kuliuliza Luthuli: "Mzee, kwa watu watano ndani ya gari dogo, inatosha ngapi?"

Ilitosha sabuwufa moja. Iliandikwa RMS 250, kwa hiyo tulitafuta amplifaya ya klasi D inayotoa 250 hizo kwa omu 4, tukaweka waya wa shaba tupu wa geji 8 (nambari ikipungua, waya huwa mnene) na fyuzi ya 30 kando ya betri. Mzee alirekebisha kile kitufe ambacho mimi nilikuwa nikikizungusha hadi mwisho nikidhani ni cha sauti. Sasa mdundo unasikika vizuri, na tunaweza kuzungumza.

Sabuwufa ya pili na ile amplifaya nilimwuzia kijana mmoja jirani kwa hasara, nikamweleza kila kitu kuhusu fyuzi na omu. Tangi lilifika Machi, la lita 500 badala ya 1,000. Likiwa tupu, kifungua mimba hulipiga kwa kiganja na kudai kwamba besi yake imeshinda ya gari.