Nyekundu Juu, Bluu Ndani: Mkazo wa Kweli Uko Wapi?

Wale mliozoea kusoma hapa habari za hifadhidata na Linux leo mnivumilie, maana nimeingia kwenye shamba la wahandisi wa mitambo. Kodi ndiyo iliyonipeleka huko, na nimekutana na mambo ambayo mwandishi yeyote wa programu angefaa kuyajua kabla ya kuchora picha yenye rangi na kumkabidhi mtu aitumie kuamua.

Kwa wageni: programu za uchanganuzi wa elementi huchukua kipande cha chuma na kukikatakata, ndani ya kompyuta, kuwa vipande vidogo maelfu. Kila kipande ni elementi, na huungana na jirani zake kwenye vituo vinavyoitwa nodi. Unaeleza kitu kimeshikiliwa wapi na kinasukumwa wapi, kompyuta inatatua rundo la milinganyo, kisha unapata picha. Bluu ni pale chuma kinapostarehe, nyekundu ni pale kinapoumia. Jina la njia hii alilitoa Ray Clough wa Berkeley mwaka 1960, na leo inatumika kila mahali, kuanzia ndege mpaka kiti cha plastiki unachokalia hotelini.

Sasa sikilizeni jambo ambalo picha haisemi. Kile ambacho kompyuta inakitatua hasa ni msogeo: kila nodi imehama kiasi gani. Mkazo, yaani nguvu kwa kila milimita ya mraba, hutolewa baadaye kutokana na misogeo hiyo, tena hupigiwa hesabu kwenye pointi chache zilizo ndani ya kila elementi. Zinaitwa pointi za Gauss. Hakuna hata moja iliyo juu ya uso wa chuma. Namba unayoiona kwenye uso imepatikana kwa kunyoosha mstari kutoka pointi za ndani hadi kwenye nodi, halafu kuchukua wastani na elementi za jirani. Na nyufa nyingi za chuma huanzia wapi? Kwenye uso! Mahali tunapopahofia zaidi ndipo ambapo programu inakisia.

Nililazimika kuyajua haya kwa sababu ya karakana moja hapa Nairobi inayotengeneza trela za kubebea maji. Hawana pesa za kununua leseni za bei ya gari, kwa hiyo wanatumia CalculiX, ambayo ni ya bure na kodi yake iko wazi. Kazi yangu ilikuwa ndogo: kuandika programu ya kusoma faili la matokeo na kutoa ripoti ya ukurasa mmoja. Kijana mhandisi wa pale alitaka iwe na alama ya vema ya kijani ikiwa breketi ya springi imefaulu.

Fundi mkuu, mzee aliyechomelea trela tangu kabla mimi sijazaliwa, alisimama nyuma yetu akatazama skrini. Akauliza, "Kijana wangu, hapa juu ni nyekundu. Ukikata ndani ni bluu. Nani mkweli?"

"Mzee, nyekundu hiyo ni ya kona tu," akajibu mhandisi. "Tunaweza kusoma namba ya ndani."

Mzee hakubishana. Alienda uani akarudi na breketi ya zamani yenye ufa. Ufa ulikuwa umeanzia pale pale penye nyekundu, kwenye ukingo wa weldi.

Lita 10,000 za maji ni tani 10. Breketi ikiachia kwenye mteremko, mwenye kuulizwa si kompyuta. Kwa hiyo alama ya kijani niliiweka kando kwanza, nikaanza kuuliza swali la mzee kwa makini.

Ngoja niwape mfano ambao mtu anaweza kuupigia hesabu kwenye karatasi. Chukua bapa la chuma lenye upana wa milimita 100 na unene wa 20, limeshikwa upande mmoja, na upande wa pili, milimita 200 kutoka ukutani, umening'iniza mzigo wa nyutoni 2,000 (kama kilo 200 hivi). Mkazo wa kupinda pale ukutani ni megapaskali 60 juu, 60 chini (juu linavutwa, chini linakandamizwa), na katikati ya unene ni sifuri kabisa. Ukitumia elementi moja tu katika unene huo, pointi za Gauss mbili zitakaa kama milimita 5.8 kutoka katikati, nazo zitasoma karibu 35. Namba hiyo ni sahihi! Ila ni sahihi kwa mahali pake, si kwa uso. Ukinyoosha mstari hadi juu unapata 60 yako. Lakini ukichagua elementi nyepesi yenye pointi moja tu katikati, itakuambia sifuri, na picha nzima itakuwa bluu tulivu kama bahari ya Lamu asubuhi, huku chuma kinapinda.

CalculiX ina mtego wa aina hiyo kwenye elementi za bamba jembamba. Ukiweka chaguo la OUTPUT=2D, matokeo ya juu na ya chini ya bamba huchukuliwa wastani ili yarudi kwenye nodi za asili. Jumlisha 60 na hasi 60, gawanya kwa mbili. Mkazo wote wa kupinda umetoweka. Mwongozo wao unalisema jambo hili waziwazi, na ndiyo maana kawaida yake kwa bamba ni 3D, lakini nani husoma mwongozo?

Kwa hiyo "ndani" si jibu la upole la kukimbilia pale uso unapotisha. Wala uso si mkweli siku zote. Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa sababu hakihitaji programu nyingine. Kwenye uso ulio wazi, usioguswa na kitu, mkazo unaoelekea moja kwa moja nje ya uso lazima uwe sifuri, kwa kuwa hakuna wa kuusukuma. Mwambie kompyuta akuonyeshe mkazo huo peke yake. Akisema sifuri au karibu, mstari umenyooshwa vizuri. Akisema 30 au 40 mahali ambapo mkazo mkuu ni 200, wavu wako ni mpana mno na namba zote za hapo ni za mashaka. Kipimo hiki nimekiingiza kwenye ripoti.

Cha pili ni kuzima wastani. Nodi moja inaguswa na elementi kadhaa, na kila moja ina kauli yake. Kwenye breketi yetu mmoja alisema 190, jirani yake 251, na picha laini ikatuonyesha kama 220 bila aibu. Rangi zikipakana taratibu macho hutulia, lakini ule mruko kati ya jirani na jirani ndio unaokwambia kosa ni kubwa kiasi gani. Mimi naona programu zingeanza na picha ya mirukomiruko, na ulaini uwe wa kuomba.

Kisha tukapunguza ukubwa wa elementi mara mbili, na tena mara mbili. Kwenye mkunjo wa mviringo namba zilitulia: 220, 238, 244. Hapo uso unaweza kuaminiwa. Kwenye kona kali ya weldi zilikwenda 310, 425, 580, na zingeendelea hivyo hadi kompyuta ichoke. Kihesabu, kona ya ndani isiyo na mviringo haina kikomo cha mkazo. Kijana alikuwa na haki kusema namba ile si ya kweli. Mzee naye alikuwa na haki kusema chuma kinapasuka pale. Wote wawili!

Njia ya kutoka ipo, nayo imeandikwa na taasisi ya kimataifa ya uchomeleaji, IIW. Huisomi kona yenyewe. Unasoma mkazo wa uso kwenye umbali wa 0.4 ya unene kutoka ukingo wa weldi, na tena kwenye umbali wa unene mzima, halafu unanyoosha mstari kurudi kwenye ukingo: 1.67 mara namba ya kwanza, toa 0.67 mara ya pili. Breketi yetu ina unene wa milimita 10. Kwenye milimita 4 tulipata 150, kwenye milimita 10 tukapata 120. Jibu ni kama 170. Chuma chenyewe huanza kulegea kwenye 275, kwa hiyo kwa mzigo wa mara moja tuko salama. Ila trela haibebi mara moja. Weldi ya aina hii hupewa megapaskali 90 kwa mizunguko milioni 2, na uhai hushuka kwa nguvu ya tatu. Kwa 170 inabaki mizunguko kama laki 3. Tukichukulia kila shimo la barabara ni mzigo kamili kisha kuachiliwa, hesabu wewe ni safari ngapi.

Anayedhani haya ni mambo ya wapenda namba asome habari za Sleipner A. Lilikuwa jukwaa la mafuta la zege huko Norway. Tarehe 23 Agosti 1991, wakati msingi wake unazamishwa kwa majaribio katika ghuba ya Gandsfjord, ukuta ulipasuka na mzigo wote ukaenda chini. Uchunguzi ulikuta kwamba elementi zilikuwa na umbo baya kwenye maungio ya kuta, na jinsi matokeo yalivyosomwa baadaye ikakadiria nguvu za mkato pungufu kwa asilimia 45 hivi. Nondo nazo hazikufika mbali vya kutosha. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 700. Hakuna aliyekufa.

Na kuna pale ambapo ndani ndiko kubaya zaidi. Beringi, au gurudumu la treni juu ya reli: vitu viwili vya mviringo vikikandamizana, mkazo mkubwa wa mkato hukaa chini kidogo ya uso, na ufa unaweza kuanzia huko bila mtu kuuona. Hapo ukitazama uso tu umepotea. Lazima ukate picha.

Ripoti yangu sasa haina alama ya kijani. Ina namba ya pointi za Gauss, ya uso bila wastani, ya uso kwa wastani, na ya ukingo wa weldi, kila moja na mahali ilipochukuliwa. Mhandisi alilalamika kwamba mteja hataielewa. Mzee aliisoma kwa miwani yake, akaweka kidole kwenye ile ya weldi, akaenda kuchora breketi mpya yenye weldi iliyosogezwa mbali na mkunjo. Tunaipigia hesabu wiki ijayo.