Nauza Nyumbani

Katika Kiswahili mtu anaweza kuuza nyumba, lakini hawezi kuuza nyumbani. Akisema "nauza nyumbani", msikilizaji ataelewa kwamba biashara yake, iwe ya maandazi, vitenge au mkaa, anaifanyia kwake. Kiambishi tamati -ni kimekwisha kuitoa nyumba katika orodha ya vitu na kuifanya mahali; na mahali huonyeshwa, huendewa, hurudiwa, ila hapatiwi bei. Kiingereza hakina kizuizi hicho. Kina neno moja la jengo na jingine la makao ya moyo, na madalali wa Marekani walikwisha kuamua zamani kwamba tangazo litumie hilo la pili. Jengo huuzwa, moyo ndio unaotangazwa.

Dalali anayezungumziwa hapa anaihisi tofauti hiyo kila siku, kwa kuwa anaishi katika lugha zote mbili. Alizaliwa Mwanza, amevuka umri wa miaka 50, na kwa muda mrefu sasa ana leseni ya kuuza nyumba katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin. Madison umekaa juu ya shingo nyembamba ya ardhi kati ya maziwa mawili, Mendota na Monona, na kusini yake mto Yahara unayaunganisha na mengine mawili, Waubesa na Kegonsa. Waho-Chunk, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wanaiita Teejop, yaani maziwa manne. Waliisalimisha kwa shinikizo katika mkataba wa 1832. Yeye mwenyewe haishi kando ya maji. Anaishi upande wa mji ambako kinachosikika usiku ni barabara kuu, na hasemi hivyo kwa kulalamika. Fundi wa majeneza naye halali ndani ya jeneza, husema, kisha hucheka peke yake kwa sababu mfano wenyewe haumvutii mteja.

Kadi yake ya kazi ina cheo kirefu cha Kiingereza. Katika mikusanyiko ya Watanzania wanamwita dalali, wengine kwa utani wakitarajia achukie. Hachukii. Anajua sifa ya neno hilo Dar es Salaam, ambako dalali ni mtu anayedai kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kuonyesha mlango, na kabla ya hapo amekwisha kudai nauli. Lakini ni neno la kale la sokoni, lililotoka Uarabuni pamoja na bidhaa zilizohitaji mtu wa kati, na halimdanganyi mtu kuhusu kinachofanyika. Marekani nayo imeanza kusema wazi zaidi: tangu Agosti 2024, baada ya suluhu ya kesi kubwa kuhusu kamisheni, mnunuzi sharti atie saini makubaliano na dalali wake kabla ya kupelekwa kuona nyumba. Pesa ya kupelekwa, basi, imepata karatasi.

Kuna mambo ambayo sheria inamtaka ayanyamazie. Mteja akimuuliza kama mtaa fulani "unafaa kwa watu kama sisi", au hata kama ni mzuri kwa familia, anajibu kwa kueleza vyumba, paa na umri wa tanuri ya kupashia joto. Sheria ya makazi ya haki ya 1968 inamkataza dalali kumwelekeza mnunuzi kwenye mtaa huu au ule kwa kutazama rangi yake, dini yake au asili yake, na baadaye ulinzi huo ukaongezwa kwa wenye watoto. Sababu iko katika makabrasha ya viwanja. Baadhi ya mitaa ya Madison yenyewe ilipimwa na kuuzwa kwa masharti yaliyoandikwa kwamba asiye mzungu haruhusiwi kukaa humo isipokuwa kama mtumishi. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa mahakama haziwezi kuyatekeleza masharti hayo, lakini wino wake bado unaonekana. Amewahi kuuza nyumba ambayo hati zake za zamani zilimkataza yeye kulala ndani yake. Alisoma, akageuza ukurasa, akaendelea na hesabu za kodi ya majengo. Hata hivyo anaona ajabu ndogo katika unyamavu aliolazimishwa: neno nyumbani, lililojaa majirani na sauti za watoto, ndilo analolitangaza, na majirani na watoto ndio asioruhusiwa kuwataja.

Kitu cha pili kinachotangazwa na kisichouzwa ni ziwa. Mgeni anayelipa dola milioni 2 kwa nyumba ya ukingoni hudhani amenunua na maji. Hakuyanunua. Katiba ya Wisconsin ya 1848 inayahesabu maji yanayopitika kwa chombo kuwa njia ya umma, na mahakama za jimbo zimeijenga juu yake kanuni ya amana: ziwa la asili, pamoja na sakafu yake, limeshikwa na jimbo kwa niaba ya watu wote. Mvuvi anaweza kupita taratibu mbele ya sebule ya tajiri, ndoana mkononi, ilimradi miguu yake imo majini. Akikanyaga mchanga mkavu amevamia; akirudi hatua moja, maji yakimfika kwenye kifundo cha mguu, yuko katika haki yake. Dalali hupenda kuwaeleza wateja jambo hili mapema, kabla hawajaanza kuota kuhusu faragha. Mmoja alimuuliza kama basi analipia nini. Analipia, alimjibu, kuwa wa kwanza kufika.

Wakati wa baridi hata hilo la kuwa wa kwanza hupungua nguvu. Mendota linapoganda, ua wa mbele wa kila jumba huwa uwanja wa hadhara. Watu hutembea juu ya barafu, hutoboa matundu na kuketi juu ya ndoo zilizopinduliwa wakivua, hupandisha mahema madogo, hupitisha mashua zenye tanga na vyuma chini ambazo hukimbia kuliko gari. Kumbukumbu za kuganda kwa ziwa hilo zimewekwa tangu miaka ya 1850, na zinaonyesha kwamba kipindi cha barafu kimefupika kwa takriban mwezi mmoja. Wapo wanunuzi wanaolifurahia jambo hilo kwa sababu mashua zitakaa majini muda mrefu zaidi. Wazee wa mji hawalifurahii.

Mama yake mzazi aliliona ziwa hilo likiwa limeganda mara moja tu. Kumleta ndiko kulikomfanya dalali ale kiapo cha uraia wa Marekani, kwa maana raia ndiye anayeweza kumwombea mzazi ukaazi. Mama alikuja Novemba. Januari akapelekwa ukingoni, akasimama akiwa amefungwa makoti mawili na kitenge juu yake, akauliza, "Hili limekufa lini?" Akaelezwa kwamba samaki wako chini, hai, na watu wanawavua. Hakubisha. Machi aliomba kurudi, na alirudi, na kaburi lake liko Luchelele, nje kidogo ya Mwanza, mahali ambapo ziwa halijawahi kufa.

Juu ya starehe za maji dalali ana maoni makali kidogo, ambayo hayaandiki katika matangazo. Neno mapumziko lina undugu na pumzi: anayepumzika ni aliyekuwa anahema. Katika utoto wake ziwa lilikuwa mahali pa kuhemea. Palifuliwa, palichotwa maji, wanaume walitoka usiku na taa za karabai kuvua dagaa, na mtoto aliyecheza majini sana alionywa kuhusu kichocho. Nyumba zilitazama njia, si maji. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukaa akitazama mahali pa kazi. Alipofika Madison na kukuta bei ya nyumba ikipanda kwa kila dirisha linalotazama ziwa, alidhani amekutana na watu waliokwisha kumaliza kazi. Kumbe la. Anapopita katikati ya wiki, mashua nyingi zimefungwa kwenye magati ya mbao, zimefunikwa maturubai, na wenyewe wako kazini wakitafuta pesa za kulipia mashua. Jioni anayeonekana akilitumia ziwa ni mwanafunzi kwenye viti vya umma nyuma ya jengo la chuo kikuu, mguu juu ya ukuta, hana hata kodi ya mwezi ujao.

Na Jumapili za majira ya kupukutika majani hakuna anayetazama ziwa wala nyumba, kwa kuwa Green Bay Packers wanacheza. Dalali aliyebobea huwaita wanunuzi asubuhi au hawaiti kabisa. Mwanzoni mchezo wenyewe haukumwingia akilini. Kilichomwingia ni cheti kilichotiwa fremu, alichokikuta ukutani katika nyumba moja baada ya nyingine: hisa ya timu. Packers wamekuwa mali ya watu wa kawaida tangu 1923. Hisa zao hazitoi gawio, hazipandi thamani, wala mwenye nazo hawezi kumuuzia mtu kwa faida. Anaweza kumpa jamaa yake au kumrithisha. Zilipotolewa tena mwishoni mwa 2021, kwa dola 300 kila moja, watu walizigombania. Mtu wa biashara angesema ni karatasi tupu. Yeye, aliyekulia katika nchi ambamo wanachama wa Simba na Yanga wamebishana miaka na miaka juu ya asilimia 51 zao na 49 za mwekezaji, alielewa bila kufafanuliwa. Kilichonunuliwa ni ruhusa ya kusema "yetu". Mwaka 2024, Pamba ya Mwanza iliporudi Ligi Kuu, alipiga kelele jikoni kwake saa ambayo majirani walikuwa wamelala, wala hana hisa hata moja.

Simu ya mdogo wake wa kiume ilikuja wakati huo wa furaha, nayo haikuhusu mpira. Amepatikana mtu anayetaka kiwanja cha mama, Luchelele, ajenge hoteli ndogo yenye kutazama maji. Bei ni nzuri. Mdogo wake anataka ushauri, na ana haki ya kuutaka, kwani dada ndiye mwenye ujuzi katika ukoo.

Ujuzi huo unamwambia mambo mengi mno. Unamwambia kwamba chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 hakuna auzaye ardhi Tanzania: ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na kilicho mkononi mwa mtu ni haki ya kuikalia kwa muda. Huko maji ni amana, huku udongo ni amana. Unamwambia pia kwamba sheria hiyohiyo kwa kawaida haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na kwamba Tanzania haiutambui uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Habari za hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania anazifuatilia kwa makini, kama wenzake wote wa ughaibuni, lakini jina lake halimo katika faili la Luchelele na hakuliomba liwemo. Kiapo alichokula ili mama awe karibu naye ndicho kilichomtoa katika kiwanja cha mama. Hapo hakuna wa kulaumiwa, naye halaumu. Anakitaja tu, kama anavyotaja ufa mdogo kwenye msingi wa nyumba, kwa sauti ya kawaida na mapema.

Kinachomkwamisha ni kipimo. Wisconsin, nje ya miji, nyumba hujengwa kwa kawaida futi 75 kutoka alama ya juu ya maji. Tanzania, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nyumba ya mama ni ya zamani kuliko sheria hiyo, hoteli haitakuwa. Na ukingo uko wapi? Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimepimwa hadi wakati huo, likakizidi kidogo kile cha 1964, na maji yakaingia katika jiko la uani, yakaacha mstari wa kahawia ukutani, juu kidogo ya goti la mtu. Mdogo wake alivuta kamba. Kutoka maji ya leo, mita 60 ziliishia mlangoni pa nyumba. Kutoka mstari wa jiko, zilivuka barabara na kuingia katika mahindi ya jirani.

"Mnunuzi anaujua mstari huo?" dada aliuliza.

"Dada, huku si huko."

Huko, muuzaji hujaza fomu ndefu ya hali ya nyumba na kutaja mafuriko, na dalali aliyejua akanyamaza anaweza kupoteza leseni. Luchelele hana leseni ya kupoteza. Ana mdogo wake mwenye watoto watatu shuleni, ambaye ndiye aliyemuuguza mama, ndiye aliyechimba, ndiye aliyepanga mawe juu ya kaburi, na ambaye hajawahi kuomba chochote kutoka Amerika bila kuombwa aombe. Bei hiyo ingewasomesha wote watatu. Na kaburi? Aliliuliza hilo mwisho, akijua kwamba lingepaswa kuwa la kwanza. Mnunuzi amekubali kulizungushia ua, alijibiwa, na ndugu wataruhusiwa kuja kulizuru wakati wowote. Wataruhusiwa: neno hilo alilibeba siku nzima, akiwa na wanunuzi wawili kutoka Chicago waliotaka kujua kama gati lina umeme.

Hakusema ndiyo wala hapana. Alimwomba mdogo wake ampigie picha ya ukuta wa jiko, ule mstari, na mtu asimame kando ili urefu uonekane. Picha ilifika usiku, saa za Madison. Mpwa wake mkubwa amesimama wima kama askari, mkono mmoja ukionyesha ukutani, na ukuta umepakwa chokaa upya, mweupe mpaka chini.