Aliyemwachisha Shangazi Dawa Ni Mimi

Mimi ndiye niliyemwambia shangazi aache dawa za sonona. Kwenye faili lake kliniki pameandikwa kwamba aliacha mwenyewe, na maneno hayo yakiandikwa nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni yake, kimya. Ndugu zangu wengi watalijua jambo hili kwa kusoma hapa. Wakikasirika, wana haki.

Dawa yenyewe ni amitriptilini, dawa ya zamani iliyopo tangu miaka ya 1960, na hadi leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Alikuwa akipewa kwenye kibahasha cha karatasi kilichoandikwa kwa peni "1 x 1 usiku". Ilikuwa imemtoa mbali. Kabla yake alishinda chumbani amegeukia ukuta, haogi, hali mpaka abembelezwe, na cherehani yake imefunikwa kanga. Wiki kadhaa baada ya kuanza vidonge akasikika anauliza bei ya nyanya imefika ngapi. Nyumba nzima tulitazamana. Shangazi ninayemjua mimi hajawahi kukubali bei ya nyanya.

Lakini vidonge vilikuwa na karaha zake. Mdomo ulimkauka, akawa hatoki bila chupa ya maji. Choo kikawa cha shida, magauni yakaanza kumbana. Siku moja akaniuliza, "Baba, wewe ni mtu wa kusoma. Hivi vidonge nitameza mpaka nife?" Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la babu, baba yake mzazi.

Lilikuwa swali la maana, na lilistahili kupelekwa kliniki. Mimi nikalijibu pale pale, simu mkononi.

Ilikuwa baada ya Julai 2022, watafiti wakiongozwa na Joanna Moncrieff wa London walipochapisha mapitio yao kuhusu serotonini, ile kemikali ya ubongo ambayo kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba ikipungua ndipo sonona inapoingia. Mapitio yalisema ushahidi wa madai hayo haupo. Vichwa vya habari vilivyonifikia vilikuwa na makali kuliko utafiti wenyewe, na mimi nilisoma vichwa. Nikamwambia, "Shangazi, wazungu wenyewe wameshagundua kwamba hizi dawa ni biashara tu." Nikaongeza habari za Zimbabwe, jinsi Daktari Dixon Chibanda alivyoanza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa Harare kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza wagonjwa, na jinsi utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulivyoonyesha kwamba waliokaa kwenye benchi hizo walipata nafuu. Habari hizo za Zimbabwe ni kweli. Ila hapa kwetu benchi hiyo haikuwepo, na nilikuwa namwondolea kidonge bila kuwa na bibi wa kumpa badala yake.

Akaacha usiku ule ule. Ananiamini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Hazikupita siku nyingi akawa halali. Kichefuchefu, jasho, ndoto za kutisha zilizomfanya apige kelele usiku. Jirani mmoja akasema ni mashetani na akajitolea kuleta mtu wa kumsomea. Mimi, msomi, nikaja na langu: "Mwili unajisafisha, shangazi, vumilia." Niliona fahari kabisa kulisema. Kumbe ndivyo mwili unavyofanya ukinyimwa ghafla dawa uliyoizoea, na ndiyo sababu dawa hizi hupunguzwa polepole, kwa wiki na pengine kwa miezi. Maelezo hayo yapo kwenye kila mwongozo. Sikuwa nimefungua hata mmoja.

Zile shida za mwanzo zilitulia, nikajipongeza. Kisha ugonjwa wenyewe ukarudi. Ilikuwa karibu na Januari, msimu wake mkubwa, wazazi wanaleta vitambaa vya sare. Alikuwa ameshakata mashati, kola zimebanwa kwa pini, mikono ya mashati imefungwa mafungu mafungu na chaki imeandika majina ya watoto. Akaacha hapo. Shule zilipofungua wazazi walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao vilivyokatwa, wengine kwa matusi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwatafutia kwenye lile rundo. Kuna mtoto alianza darasa la kwanza na nguo za nyumbani.

Tulimrudisha kliniki. Daktari akauliza, "Mama, nani alikwambia uache?" Akajibu bila kunitazama, "Hakuna, daktari. Nilijiona nimepona." Daktari akaandika. Nilikuwa na nafasi ya kusema, tena ndefu, maana kalamu yake iligoma akawa anatafuta nyingine. Sikusema. Akamrudisha kwenye vidonge, akamwambia kwamba mtoro wa dawa hawezi kuaminiwa kuzitunza mwenyewe, kisha akanigeukia: "Huyu kijana anaonekana anaelewa. Wewe ndiye utakayezishika." Nikapokea kile kibahasha.

Baada ya hapo nilisoma kwa aibu, na aibu ni mwalimu mkali. Ule utafiti wa 2022 ulihusu chanzo cha sonona. Haukupima kama dawa zinasaidia au hazisaidii. Haya ni mambo mawili, na historia ya dawa hizi ingenifundisha tofauti yake kama ningetaka kufundishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya Sea View, New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa iproniazidi kwa ajili ya mapafu, na madaktari wakashangaa kuwaona wamechangamka kupita kiasi cha mtu mwenye kifua kikuu. Dawa ilionekana inafanya kazi, sababu zikatafutwa baadaye, na bado zinatafutwa. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walikusanya majaribio 522 ya dawa 21, yenye washiriki zaidi ya 116,000. Zote 21 zilishinda kidonge kisicho na dawa, ingawa kwa wengi ushindi huo ni wa kadiri tu, na majaribio mengi yalikuwa ya wiki chache.

Sijageuka kuwa mpiga debe wa vidonge. England peke yake, katika mwaka wa 2022/23, watu zaidi ya milioni 8 waliandikiwa dawa za sonona, na mwongozo wa kule wa 2022 unawaambia madaktari wasikimbilie dawa kwa sonona isiyo kali. Kule wana sababu ya kugombana kuhusu vidonge. Hata kwetu nimeona akina mama wanaosema mwili mzima unawauma na moyo unawaenda mbio wakiandikiwa amitriptilini kabla hawajaulizwa kama wamelala, kama wamekula, au kama wanapigwa. Huko ni kumnyamazisha mtu. Lakini shangazi hakuwa kundi hilo, na mimi nilimtibu kwa malalamiko ya nchi yenye vidonge vya kumwaga. Katika nchi maskini, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya robo tatu ya wenye maradhi ya akili hawapati tiba yoyote. Yeye alikuwa ameipata, nami nikamnyang'anya.

Kinachonikera zaidi ni kwamba swali lake lilikuwa na jibu. Mwongozo wa shirika hilo hilo unaruhusu kufikiria kuacha baada ya mgonjwa kukaa miezi kadhaa bila dalili, kwa kupunguza taratibu. Kama angeliuliza kliniki, huenda sasa angekuwa ameshaziacha, na mdomo wake una mate. Badala yake faili lake linasema ni mtoro, na daktari akiona neno hilo hana haraka ya kumpunguzia.

Kwa hiyo safari iliyofuata nilisema. Niliiambia meza zaidi kuliko daktari, lakini nilisema: aliyemwachisha ni mimi. Daktari alinitazama kidogo, akaandika mstari mpya chini ya ule wa zamani, akauliza aliacha mwezi gani na alianza kuumwa tena lini, kisha akasema suala la kupunguza litazungumzwa akikaa vizuri kwa muda. Hakunigombeza.

Shangazi ndiye aliyenigombeza, tena nje, mbele ya watu waliosubiri zamu. "Nani alikutuma? Mimi jambo hilo nilishalimaliza."

"Lilikuwa halijaisha, shangazi. Lilikuwa kwenye faili."

"Faili ni lako?"

Hakunisemesha njia nzima. Tulipofika stendi alinyoosha mkono akadai kibahasha chake, akakihesabu kidonge kimoja kimoja, akaniambia dawa zitashikwa na dada yangu na kliniki atakwenda naye.