Zimesikizana

Boti iling'oa nanga Dar es Salaam asubuhi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka kwenda Unguja, na mkobani nilikuwa na tafsiri ya kitabu cha Eduard Hanslick, mhakiki wa muziki wa Vienna, kilichotoka mwaka 1854. Hanslick hakukana kwamba muziki huamsha hisia. Alikana kwamba hisia ndizo kipimo cha uzuri wake. Uzuri, alisema, umo katika sauti zenyewe zinavyokwenda na kupangika, mfano wa nakshi inayojikunja na kujikunjua.

Hoja hiyo ilinikera. Mama yangu aliacha mwiko chunguni kila taarabu fulani ilipoanza redioni. Je, alichokisikia si muziki?

Kilichonivuta Unguja ni jina. Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905, kinabeba jina la wanazuoni wa Basra wa karne ya 10, walioacha risala 52. Ya tano ni ya muziki. Humo wanaeleza nyuzi nne za udi: ule mnene, bam, usokotwe kwa nyuzi 64 za hariri, unaofuata 48, wa tatu 36, na zir, ule mwembamba, 27. Kila mmoja ni robo tatu ya uliotangulia. Lakini hawakuishia kwenye hesabu. Kila uzi waliufungamanisha na moto, hewa, maji au ardhi, na hali za mwili wa binadamu, wakataja hata tuni za kuwatuliza wagonjwa hospitalini.

Jioni nilifika kwenye mazoezi ya kikundi kimoja Mji Mkongwe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu kitako.”

Mpiga udi alikuwa akitia sauti ala yake. Aligusa uzi mmoja, akagusa wa pili, akazungusha kigingi kidogo mno, akainamisha sikio. Aligusa tena. “Sasa zimesikizana,” akasema. Ulikuwa umbali uleule wa 64 kwa 48.

Wakaanza bashrafu, isiyo na neno hata moja. Nilijaribu kusikiliza kama Hanslick: kipande kinakuja, ganuni inakichukua, fidla zinakirefusha, kisha wote wanakirudia. Nakshi kweli. Mara nikamwona kijana aliyekuwa akigawa kahawa. Alisimama katikati ya chumba, birika mkononi, kikombe kikimngoja, mpaka bashrafu ikaisha.

Miaka yote niliamini kwamba mama alisimamishwa na maneno ya wimbo. Kijana yule hakuwa na maneno ya kumsimamisha. Hapo nilimpa Hanslick haki yake: sauti zilizopangika zinajitosheleza. Ila watu wa Basra, karne tisa kabla yake, waliona mbali zaidi. Kwao mpango wa sauti na moyo wa msikilizaji vilitiwa sauti pamoja, kama bam na jirani yake. Ukigusa mmoja, wa pili unajua.

Kijana akamimina kahawa, akanipa. Mkono wake ulikuwa bado unatetemeka kidogo.