Sentimita Tatu za Zege

Mwaka 2018 nilikwenda Kanada kumtembelea binti yangu, aliyekuwa akisomea uhandisi wa ujenzi katika mji wa Sherbrooke, jimbo la Quebec. Siku ya tatu aliona nimechoka kukaa ndani kama mgonjwa, akanivika koti zito na kunipeleka kando ya Mto Magog. "Baba," alisema, "leo nakuonyesha zege."

Nilicheka. Nimekuwa mwashi, kisha msimamizi wa ujenzi, kwa miaka thelathini na mmoja huko Tanga. Kama kuna kitu nilichodhani sihitaji kuonyeshwa, ni zege.

Lile daraja ni la waenda kwa miguu. Lilijengwa mwaka 1997, nalo lavuka mto kwa mita 60 bila nguzo ya katikati. Niliinama kutafuta unene wa sakafu yake, nikadhani macho yananidanganya. Ni sentimita 3, ikishikwa na mbavu kwa chini. Kwetu zege la sentimita 3 hatulimwagi hata juu ya choo cha shimo. Tena humo ndani hamna nondo zetu za kawaida. Kuna nyaya nene za chuma zilizovutwa na kukazwa, basi.

Zege la namna hiyo lilibuniwa Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Pierre Richard na wenzake wa kampuni ya Bouygues. Walichofanya kwanza ni kuondoa kokoto. Mchanganyiko wao ni mchanga laini, saruji zaidi ya kilo 700 kwa mita moja ya ujazo (mara mbili ya tuliyozoea sisi), unga wa mawe, na vumbi la silika lililo laini kuliko saruji yenyewe, ili kila tundu lipate wa kuliziba. Maji hayafiki lita 15 kwa mfuko wa kilo 50. Dawa ya kulainisha ndiyo inayolifanya litiririke. Vipande vya daraja vilipikwa kiwandani kwa mvuke wa nyuzi 90. Zege letu zuri la nyumba hubeba kama kilo 250 kwa sentimita ya mraba kabla ya kupondeka. Hilo hubeba karibu tani 2.

Lita 15! Hapo ndipo nilipoacha kucheka, maana maji yana kisa nami.

Mwaka 1994 nilisimamia nyumba ya mtu mmoja, yenye kibaraza cha zege kilichotokeza juu ya mlango bila nguzo. Jua lilikuwa linazama, zege lilikuwa gumu, vijana wamechoka. Waliomba kuongeza maji nikawaambia ongezeni. Walipokuwa wakimwaga walizikanyaga nondo, nami niliona. Kibaraza cha namna ile huvutwa upande wa juu, kwa hiyo nondo zake hukaa juu; zikikanyagwa zikashuka, ni sawa na kutokuwapo. Nilijisemea zitatosha. Siku tulipoondoa miti ya kuegemeza, kilianguka chote kwa pigo moja, hakikutoa hata ufa wa kutuonya. Saidia fundi wa miaka kumi na tisa alivunjika mguu na nyonga. Hadi leo anachechemea. Tukikutana sokoni hunisalimu, "Shikamoo mzee," nami huitikia nikitazama pembeni.

Zege tupu ndivyo lilivyo: likivutwa hukatika ghafla. Na kadiri linavyokuwa gumu zaidi, ndivyo linavyokatika kwa ghafla zaidi. Kwa hiyo wale Wafaransa walitia ndani nyuzi za chuma nyembamba kama nywele nene, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita moja na kitu, karibu kilo 190 kwa kila mita ya ujazo. Ufa ukianza, nyuzi zinazoupita huendelea kushika pande zote mbili, na mahali pa ufa mmoja mpana hutokea nyufa ndogo ndogo nyingi. Jengo hulalamika kwanza kabla ya kuanguka.

Lakini lililonikamata moyo halikuwa hilo. Binti yangu alinieleza kwamba nyuzi hulala kwa kufuata mkondo wa zege linavyomwagwa. Ukimwaga vibaya, zote zaweza kulala sambamba na ufa, zisishike kitu. Kwa sababu hiyo, katika mwongozo wa Wafaransa wa mwaka 2002, mhandisi haruhusiwi kutumia nguvu yote iliyopimwa maabara. Anapokisia tu, huigawanya kwa 1.25, na mahali penye hatari ya pekee kwa 1.75, kisha humwagwa kipande cha mfano kwa namna ileile ya kazini, kikakatwakatwa na kupimwa, ili namba ya kweli ijulikane.

Nilimwomba arudie. Yaani katika hesabu zao wamemtia yule anayemwaga? Mkono wake, uchovu wake, jua lake linalozama? Katika michoro yote niliyopata kupewa, mimi sikuwamo.

Tulisimama pale hadi vidole vikafa ganzi. Nilimwuliza kama ile 1.75 ingekiokoa kibaraza changu. Alikijua kisa; mama yake alimsimulia. Alinyamaza kidogo, akayatazama maji.

"Hapana, Baba," alisema. "Nondo uliziona zikikanyagwa."

Akanishika mkono, tukavuka.