Mwamba Unaohifadhi Maji ya Kale

Kazi ya jiolojia nilianzia kwenye dhahabu, Geita. Kule tulisaka mipasuko, kwa sababu maji ya moto ya zama za kale yalipenya humo yakaacha dhahabu; mwamba uliovunjika ndio uliotulisha. Nilipohamia Uswisi, kwenye utafiti wa kuzika taka za nyuklia, kazi iligeuka: nitafute mwamba ambao maji hayapiti.

Maana adui ni maji. Mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika hubaki na sumu kwa mamia ya maelfu ya miaka, na yanayoweza kuirudisha juu ni maji yanayotembea. Kule Olkiluoto, Wafini wamechagua mwamba mgumu wa karibu miaka bilioni 1.9, lakini una nyufa, kwa hiyo wanategemea sana makasha ya shaba na udongo wa bentonaiti. Chumvi nayo ni kavu na hujifunga yenyewe. Hata hivyo Asse, mgodi wa chumvi wa Ujerumani uliogeuzwa ghala la taka za nyuklia, unavuja tangu 1988.

Moyo wangu ulitua kwenye udongo wa mfinyanzi. Maabara ya Mont Terri, kando ya handaki la barabara kuu karibu na St-Ursanne, ilianza utafiti 1996 ndani ya mwamba uitwao Opalinus: matope ya bahari yaliyotuama miaka milioni 175 hivi iliyopita, yakagandamana, na visukuku vya amonaiti bado vimo. Ukiuchimba hupasuka, unyevu ukiufikia huvimba, ufa ukajifumba. Lakini kilichoniridhisha hasa ni maji yaliyonaswa katika vinyweleo vyake. Bado yana chumvi ya bahari! Milima ya Jura imeinuka, mvua imenyesha juu yake kwa mamilioni ya miaka, na chumvi ile haijaisha. Hakuna jaribio la binadamu linaloweza kudumu kiasi hicho.

Mwaka 2015 shirika la Nagra, linalotafuta mahali pa kuzika taka za nyuklia za Uswisi, lilipendekeza kuliondoa eneo la Nördlich Lägern katika maeneo yanayoshindanishwa, likihofia kina chake. Wakaguzi wa serikali walikataa, wakasema ushahidi hautoshi. Eneo likachorongwa. Sampuli zilionyesha udongo wa pale unashika maji yake vizuri kuliko ule wa maeneo mengine mawili yaliyoshindanishwa, na mwaka 2022 ndipo palipochaguliwa. Nawaheshimu sana wakaguzi wale.