Kile kipicha chetu cha vidoti kimekufa

Najua nimepotea humu karibu mwezi mzima. Kulikuwa na testi mbili, bumu likachelewa, halafu likatokea hili la matangazo. Leo nalitema lote maana limenikaa rohoni.

Mnakumbuka niliwaambia mimi na mwenzangu wa chumbani tunaanzisha tuisheni ya likizo kwa wanaorudia mtihani wa kidato cha nne? Yeye Hisabati na Fizikia, mimi Kiswahili na Jiografia. Haikuwa mchezo. Mkopo umelipa nusu ya ada yangu, nusu nyingine ilitakiwa itoke hapo. Tukachapa matangazo 200, shilingi 200 kila moja, yaani 40,000 ya kula ikaenda. Katikati tukaweka msimbo wa QR mkubwa kama sahani: unaskani, unafika kwenye fomu ya kujiandikisha. Namba ya simu hatukuweka. Eti ushamba.

Siku ya 15, yule kaka wa steshenari tuliyechapia kwake ananiita, ananipa simu yake. Upande wa pili kuna mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwalimu wa tuisheni? Hicho kipicha chenu cha vidoti kinanitaka nilipe dola. Sasa mimi dola nitoe wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Kumbe bwana misimbo hii iko ya aina mbili. Ule tuli, anwani yenyewe imeandikwa ndani ya vidoti. Simu inasoma, inakwenda moja kwa moja, hakuna mtu katikati wa kuuzima. Ila ukishachapa hubadili hata herufi. Ule badilifu ndani yake kuna anwani fupi tu ya kampuni iliyokutengenezea. Simu inapita kwao kwanza, wao ndio wanaielekeza kwako. Ndiyo maana unaweza kubadili inakofikia bila kuchapa upya, na wanakuhesabia wangapi wameskani. Hiyo hesabu jamani ndiyo ilituponza! Kila usiku tunachungulia: leo 9, leo 14, tunacheka wenyewe. Hatukusoma maandishi madogo kwamba ni majaribio ya siku 14 tu. Zilipoisha wakaweka ukurasa wao wa malipo, na matangazo yetu yako kila kona ya mji.

Kinachouma, QR yenyewe ni ya bure. Denso Wave wa Japani waliitoa mwaka 1994 kwa kazi ya kufuatilia vipuri vya magari, na hataza yao hawakuitumia kutoza watu. Sisi tulikuwa tunakodi njia ya kupita tu.

Mwenzangu akasema tulipe mwezi mmoja tuokoe matangazo. Haikuwa hoja mbaya, maana wazazi walikuwa wanaskani siku hizo hizo. Mimi nikauliza, na mwezi ujao? Tulinuniana mpaka saa ya chakula.

Tukaenda na tuli. Jaribio la kwanza aibu tupu. Linki ya fomu ni ndefu, na maandishi yakizidi vidoti vinaongezeka, kuanzia miraba 21 kwa 21 hadi 177 kwa 177. Halafu mimi kwa ujuaji nikachagua kiwango H, kile ambacho hata karibu asilimia 30 ikichafuka bado husomeka. Nacho kinaongeza vidoti! Kwa wino hafifu wa ile mashine, kikatoka kitu kama uji ulioungua. Simu yangu haikuambulia kitu.

Mwisho tukashuka kiwango M, tukaweka linki fupi ya ukurasa mmoja wa blogu hii, ambao nauhariri saa yoyote. Msimbo haubadiliki, kilichomo ndani kinabadilika. Najua, blogu nayo ni nyumba ya kupanga, lakini mwenye nyumba huyu hajawahi kunidai dola.

Tukakata vikaratasi vya kuziba ule wa zamani, gundi mkononi, namba ya simu tukaandika kwa kalamu, moja moja. Mpaka jana tumefikia 131. Mengine yamechanwa au yamefunikwa na matangazo ya mahubiri.

Yule mama alimleta kijana wake Jumatatu. Wako saba sasa. Ada inataka 20.